Chipu Ilisomeka, Simu Haikupatikana: Kisa cha Mbwa Aliyepotea Safarini

Kisa hiki nilikishughulikia mwenyewe nikiwa daktari wa wanyama. Nimeondoa majina, mahali na tarehe, na nimebadili mambo madogo madogo ili familia husika isitambulike. Mwenye mbwa ameridhia kiandikwe. Mbwa nitamwita Popi, ingawa si jina lake.

Nimekichagua kwa sababu familia hii haikuwa ya wazembe. Walikuja kuuliza mapema kuliko wengi, walinunua vifaa, walifuata karibu kila nilichowaambia. Bado Popi alipotea kwa saa 23, na sehemu ya saa hizo ni deni langu.

Usuli

Popi ni dume aliyehasiwa, chotara mwenye manyoya mafupi, kilo 18, na wakati huo alikuwa na miaka 4. Familia ilimchukua akiwa na mwaka mmoja na nusu kutoka kwa mtu aliyeshindwa kuendelea kumlea. Nyumbani ni mbwa mtulivu. Ila gari lilikuwa habari nyingine. Maishani mwake alikuwa amepanda gari mara sita hivi, na zote zilikuwa za kuletwa kliniki. Kwa Popi, safari ya gari ilikuwa na mwisho mmoja tu: sindano.

Familia ilikuwa inahama, baba, mama na binti wa miaka 11. Njia ilikuwa kilomita 620 kwa barabara, na walipanga kuimaliza kwa siku moja. Mizigo mikubwa ingetangulia kwa lori, wao wangefuata kwa gari dogo. Mama alikuja kwangu siku 9 kabla ya kuondoka, na ombi lake lilikuwa moja.

"Daktari, naomba dawa ya kumlaza. Alale hapa, aamke tumeshafika."

Nilimpima Popi. Moyo na mapafu vilikuwa sawa, joto nyuzi 38.6, ambalo ni la kawaida kwa mbwa. Chanjo ya kichaa cha mbwa ilikuwa bado hai. Nikapitisha kisomeo cha chipu, kile kidude kidogo chenye namba kinachowekwa chini ya ngozi, katikati ya mabega, kikalia, namba ya tarakimu 15 ikatokea, nikailinganisha na kadi yake. Ilikuwa yenyewe. Nikaandika kwenye faili "chipu ipo, inasomeka", nikaendelea na mengine. Sentensi hiyo nitairudia.

Maamuzi ya kabla ya safari

Dawa ya kumlaza niliikataa. Dawa za kutuliza zilizozoeleka kwa kazi hiyo, kama acepromazine, humlegeza mbwa mwili lakini haziondoi hofu yake. Anasikia honi, anaona mataa, anaogopa vilevile, ila hana nguvu ya kuonyesha. Zaidi ya hapo zinashusha shinikizo la damu na kuuvuruga mwili usiweze kujirekebishia joto. Mbwa aliyelazwa ndani ya gari lenye joto hawezi kuhema vizuri, hawezi kusogea kutoka kwenye jua, na aliyekaa kiti cha mbele anadhani amelala fofofo. Kwa mbwa wenye pua fupi hatari ni kubwa zaidi, na ndiyo maana mashirika mengi ya ndege hukataa kumpokea mbwa aliyelazwa kwa dawa.

Nilimpa maropitant ya kuzuia kutapika, kidonge kimoja cha kumeza saa mbili kabla ya kuondoka. Chakula cha mwisho kingekuwa jioni ya siku iliyotangulia, kiasi kidogo. Maji asinyimwe hata kidogo.

Kuhusu mahali pa kukaa, tulikubaliana juu ya kizimba cha kusafiria, kigumu, kilichofungwa kwa mikanda kiti cha nyuma kisiteleze. Kipimo chake ni kwamba mbwa asimame bila kuinamisha kichwa, ageuke mzima, na alale akinyoosha miguu. Kikizidi sana hapo si fadhila, maana gari likifunga breki ghafla mbwa atarushwa humo ndani kama kokoto kwenye kopo. Wakati wa vituo angevaa mkanda wa kifuani, na kamba ingefungwa hapo badala ya shingoni. Kiti cha mbele tulikiondoa kabisa kwenye mazungumzo. Mfuko wa hewa ukifyatuka unaweza kumuua mbwa wa kilo 18.

La mwisho lilikuwa joto. Mama aliuliza kama wangeweza kumwacha garini dakika 20 hivi wakati wa chakula cha mchana, madirisha yakiwa wazi kidogo. Nilimwambia hapana, hata dakika 5. Nje kukiwa na nyuzi 24 tu, hali ambayo mtu anaiona ya kupendeza, ndani ya gari lililosimama juani hufika nyuzi 34 kwa dakika 10 na kuvuka 40 ndani ya nusu saa. Kufungua kioo upenyo wa vidole viwili hakubadilishi kitu cha maana. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hutegemea kuhema, na hewa anayoivuta ikishakuwa moto, kuhema hakumsaidii. Mwili wake ukipita nyuzi 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Waliamua wale kwa zamu.

Siku tisa za maandalizi

Kumzoeza mbwa kizimba vizuri kunataka wiki kadhaa. Tulikuwa na siku 9, na kizimba chenyewe kilipatikana siku ya pili.

Walianza kwa kukiweka sebuleni mlango ukiwa wazi, shuka ambalo mama alikuwa amelilalia likatandikwa ndani, na chakula cha Popi kikawa kinawekwa humo. Siku ya kwanza ya mazoezi alinyoosha shingo akala, miguu ya nyuma ikabaki nje. Siku ya tatu aliingia mzima. Siku ya tano walifunga mlango kwa dakika mbili, kisha kumi. Binti ndiye aliyeisimamia kazi hii, na aliifanya kwa subira ambayo watu wazima wengi hawana: Popi akilia, hakufungua papo hapo wala kumkemea, alisubiri anyamaze hata kwa pumzi mbili ndipo afungue. Siku ya saba kizimba kilihamia garini, injini imezimwa. Siku ya nane walizunguka kwa robo saa. Popi alidondosha udenda na kutetemeka, lakini hakutapika na hakubweka.

Hapo ndipo mazoezi yalipoishia, kwenye robo saa. Safari ilikuwa ya saa kumi na tatu.

Mkanda wa kifuani ulinunuliwa jioni ya kuamkia safari. Walimvisha, ukaonekana umemkaa, wakamvua.

Siku ya safari

Waliondoka saa 11 alfajiri. Kwa saa mbili za mwanzo Popi alihema na kulowesha shuka kwa udenda, kisha akalala. Walisimama kila baada ya saa mbili na nusu hivi. Vituo vya kwanza vilikwenda kama tulivyopanga: gari linasimama, milango yote imefungwa, mama anafungua kizimba kidogo, anafunga kamba kwenye mkanda wa kifuani, anaizungusha kamba kiganjani, ndipo mlango wa gari unafunguliwa. Popi ananusa, anakojoa, anakunywa, anarudi.

Saa 7 mchana, wakati wa chakula, mama aliona Popi analamba kwapa mara kwa mara. Alimgeuza akakuta mkanda umemchubua pande zote mbili, ngozi imekuwa nyekundu na manyoya yamekatika. Akamwonea huruma. Aliuvua, akabaki na mkanda wa shingoni peke yake, ule wenye kibati chenye namba ya simu. Mkanda wa shingoni ulikuwa umelegea kidogo, kama wengi tunavyopenda uwe ili mbwa asibanwe.

Mchana ule walikwama kwenye foleni kwa zaidi ya saa moja na nusu. Kila mtu alichoka. Saa 10 jioni, zikiwa zimebaki kilomita 140, walisimama kwenye kituo cha mafuta ili baba ajaze tangi na mama aende msalani. Popi alikuwa analia kizimbani. Binti akafunga kamba kwenye mkanda wa shingoni, akafungua kizimba ili ambembeleze, huku mlango wa gari upande wake ukiwa wazi. Lori lililokuwa nyuma likapiga honi.

Popi alirudi nyuma kinyumenyume. Binti akavuta kamba, na kadiri alivyovuta ndivyo mkanda ulivyopanda kuelekea masikioni. Ulichomoka. Kufumba na kufumbua mbwa alikuwa amepita katikati ya pampu mbili na kuingia vichakani ng'ambo ya barabara. Binti alibaki ameshika kamba, na mwisho wa kamba ule mkanda umefungwa vilevile, kibati chenye namba ya simu kinaning'inia.

Utafutaji

Walifanya ambacho yeyote angefanya: walikimbia nyuma yake wakiita. Kwa dakika 10 walimwona mara mbili, na mara zote mbili alipowasikia aliongeza mbio. Mbwa aliyepatwa na hofu kiasi hicho hatambui sauti ya mtu anayemfukuza, hata kama ndiye anayemlisha. Mama alinipigia akiwa analia. Nilimwomba asikilize mambo matatu kwanza, tulie baadaye.

La kwanza, waache kumfukuza na wasiite. La pili, kizimba kishushwe, kiwekwe karibu na pale alipotorokea, mlango wazi, shuka likiwa ndani na bakuli la maji pembeni, na mtu mmoja akae chini karibu yake, kimya, amekaa ubavu, asimkazie macho mbwa endapo atatokea. Mbwa wengi waliotoroka kwa hofu hurudi kwenye sehemu ya mwisho waliyowaona watu wao, kwa kawaida usiku kelele zikipungua. La tatu, picha ya Popi na namba yao ya simu viwafikie watu wanaoishi na kufanya kazi eneo lile jioni hiyohiyo, pamoja na kliniki za wanyama zote za jirani, na kila mtu aambiwe: ukimwona usimkimbize, piga simu.

Baba aliendelea na safari ili kuwahi lori la mizigo. Mama na binti walibaki. Mama alikaa karibu na kizimba mpaka saa 8 usiku. Anasema mara moja alisikia kitu kinanusa upande wa vichaka, akajizuia kugeuka. Kikaondoka. Hatutajua kama alikuwa yeye.

Saa 1 asubuhi fundi mmoja alimkuta Popi amejikunja chini ya gari lililoharibika, kama kilomita 3 kutoka kituoni. Hakuwa ameona picha. Alimpa maji, akamfunga kamba taratibu, na kufika saa 3 alikuwa amempeleka kliniki. Kliniki ilipitisha kisomeo. Tarakimu 15 zikatokea, wakatafuta rekodi yake, wakapata jina na simu. Jina lilikuwa la mwenye mbwa wa kwanza. Simu yake ilikuwa haipatikani.

Kliniki hiyo haikuwa miongoni mwa zile ambazo mama alizifikia jana yake. Walijaribu ile namba mara kwa mara, kisha wakaiandikia anwani ya barua pepe iliyokuwa kwenye rekodi. Mwenyewe wa zamani aliisoma mchana, akakumbuka, akamtafuta mama kupitia jamaa yao wa pamoja. Saa 9 alasiri mama na binti walikuwa mlangoni pa kliniki. Kati ya kisomeo kulia na mama kupata simu zilipita saa tano na ushee, na muda wote huo yeye alikuwa umbali wa dakika 10.

Matokeo

Popi alikuwa amechubuka nyayo zote nne, amepungukiwa maji kidogo, na ana kupe. Hakuwa na mfupa uliovunjika. Alipumzishwa usiku huo, na kilomita 140 zilizobaki alizimaliza kesho yake kizimbani, kikiwa kimefunikwa nusu kwa shuka, binti amekaa pembeni.

Madhara mengine yalichelewa kuonekana. Kwa wiki tano Popi alikataa kukaribia gari, hata lililozimwa. Binti naye kwa muda mrefu aliamini kosa lilikuwa lake. Nilizungumza naye kwa simu. Nilimwambia ukweli, kwamba kazi ya kumwingiza Popi kizimbani ilifanikiwa kwa sababu yake, na kwamba mtoto wa miaka 11 hakupaswa kuachwa peke yake na mbwa mwenye hofu na mlango ulio wazi.

Uchambuzi

Kukataa dawa ya kulaza kulikuwa sahihi, na ningefanya hivyo tena. Foleni ile ya saa moja na nusu peke yake inatosha kuwa sababu. Ila nilikosea kuishia kwenye kukataa. Maropitant ilizuia matapishi na haikugusa hofu, wala haikutengenezwa kwa hofu. Zipo dawa za kupunguza hofu zenyewe, kama trazodone au gabapentin, ambazo mbwa huzitumia akiwa macho. Sharti ni moja: zijaribiwe nyumbani kabla, siku ambayo hakuna safari, ili tuone kipimo kinamfaaje na kama anapepesuka kupita kiasi. Siku 9 zilitosha kwa jaribio hilo. Nilikuwa nimekwisha kuona udenda na kusikia habari za mtetemeko, na niliuita "kichefuchefu" kwa sababu nilikuwa na dawa ya kichefuchefu mkononi.

Kizimba kilifanya kazi yake mara mbili. Njiani kilimlinda, na baada ya mkasa kilikuwa mahali pekee ambapo Popi alikubali kulala. Hayo ni matunda ya siku 8 za chakula na subira. Wangekuwa na wiki sita, wangepanda kutoka robo saa hadi nusu saa, saa moja, saa mbili, na baadhi ya safari hizo zingeishia mahali anapopapenda, ili gari lipate maana nyingine kichwani mwake.

Mkanda wa kifuani ndio ninaouona kuwa kiini cha utoro. Ulikuwa wa aina nzuri. Tatizo ni kwamba haukuwahi kuvaliwa hata saa moja. Michubuko ya kwapani haionekani dukani wala sebuleni kwa dakika tano. Inatokea mbwa akitembea, akilala nao, akilowa udenda. Ungevaliwa kila siku kwa wiki moja, wangegundua, wangebadilisha ukubwa au kuweka kitambaa laini. Badala yake kasoro ilijitokeza katikati ya barabara, na mama akachagua alichokiona kuwa huruma. Simlaumu. Hakuwa na kifaa cha pili, na mimi sikumwambia awe nacho. Siku hizi nashauri mbwa afungwe kamba sehemu mbili wakati wa vituo, kifuani na shingoni, na mkanda wa shingoni uwe unapitisha vidole viwili tu, si vinne. Kibati kimoja kiwe shingoni na kingine kifuani.

Kanuni ya "mlango haufunguki kabla ya kamba" ilifuatwa vizuri asubuhi, na ilivunjika jioni. Asubuhi kila kituo kilikuwa na mtu mmoja mwenye Popi, naye ni mama. Mama alipokwenda msalani hapakuwa na aliyeachiwa kazi ile kwa kutajwa. Uchovu wa saa kumi na moja barabarani ulifanya mengine. Kugawa safari siku mbili kungegharimu usiku mmoja wa malazi, na kilomita 620 na mbwa ambaye hajawahi kuvuka robo saa zilistahili usiku huo.

Wengi huniuliza ingekuwaje kama safari hii ingekuwa ya kuvuka mpaka. Kwa nchi nyingi siku 9 zisingetosha. Chukua Umoja wa Ulaya: chipu huwekwa kwanza, chanjo ya kichaa cha mbwa hufuata akiwa na angalau wiki 12, na baada ya chanjo ya kwanza zinahesabiwa siku 21. Akitokea nchi isiyo kwenye orodha yao, hupimwa damu angalau siku 30 baada ya chanjo, kinga ifike 0.5 IU (vipimo vya kimataifa) kwa mililita, kisha asubiri miezi 3 tangu damu itolewe. Chanjo iliyotangulia chipu haihesabiki. Nimewahi kuona watu wanaanza upya kwa kosa hilo la mpangilio tu.

Nirudi kwenye sentensi yangu ya faili, "chipu ipo, inasomeka". Ilikuwa kweli, na haikumsaidia Popi kwa saa tano. Chipu haina jina wala simu, na haitumi ishara ya mahali alipo. Ni namba tu inayosubiri mtu mwenye kisomeo. Kinachomrudisha mbwa ni rekodi iliyounganishwa na namba hiyo, na rekodi ya Popi ilikuwa imebaki kwa mwenyewe wa zamani kwa miaka miwili na nusu. Mama alidhani kadi aliyokabidhiwa ndiyo umiliki. Mimi nilikuwa na kila sababu ya kujua kwamba mbwa huyu alibadilisha mikono, kwa kuwa iliandikwa ukurasa wa kwanza wa faili lake. Sikuuliza.

Miezi mitatu baadaye walikuja kunitembelea wakiwa njiani, na saa mbili za mwisho garini Popi alizimaliza bila udenda. Nilipitisha kisomeo, nikafungua rekodi, nikapiga namba iliyoandikwa pale bila kumwambia mama. Mkoba wake ukaanza kulia.